Mwanao anataka programu mpya ya muziki?

Kijana anayerekodi nyimbo chumbani akiomba fedha za programu mpya, mzazi asikimbilie kukataa wala kulipa. Kwanza aulize: ya sasa inashindwa nini? Mara nyingi kinachoelemewa ni kompyuta, na toleo jipya huenda likaizidishia mzigo.

Aliyenunua FL Studio hupata matoleo mapya bure. Anayetaka kuhama anaweza kuijaribu Reaper kwa siku 60. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60.

Lakini wimbo uliohifadhiwa kwenye programu moja kwa kawaida haufunguki kwenye nyingine. Kabla ya kuhama, kijana ahifadhi sauti na kila ala katika faili lake la WAV, yote yakianzia mwanzo wa wimbo. Asipofanya hivyo, kazi ya miaka inaweza kupotea.