Kumtunza Lufufu Chini ya Mabati ya Kasongo

Mtu wa Kasongo, mji wa Maniema nchini Kongo, anayetaka kujijengea maktaba ya filamu za kuchekesha nyumbani ana adui aliyemo hewani, nao ni unyevu. Mvua hapa hunyesha sehemu kubwa ya mwaka. Kiangazi cha kueleweka ni Juni hadi Agosti, basi. Ongeza joto la chumba chenye paa la mabati saa nane mchana. Ongeza umeme wa paneli za jua au jenereta unaokatika filamu ikiwa imefika patamu. Ukienda mashariki hadi Kabambare mambo ni yale yale, na njia yenyewe itakupa vumbi au matope kulingana na mwezi. Wanakemia wana kanuni ya makadirio: kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi, uharibifu mwingi wa kikemikali huenda kasi karibu mara mbili. Kwa hesabu hiyo, kanda ya video iliyo katika chumba cha nyuzi 35 inazeeka takriban mara nne ya mwenzake aliyehifadhiwa katika ghala la nyuzi 15 huko Ulaya.

Tuanze na kilichomo sandukuni. Mpenzi wa vichekesho wa Maniema ya kusini ana pa kuchagua. Kuna *La Vie est belle* ya 1987, aliyoiongoza Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, Papa Wemba akicheza kijana wa kijijini anayeitafuta bahati ya muziki Kinshasa. Nyuma yake kuna historia ndefu. Katika miaka ya 1950 Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alipiga filamu za Matamata na Pilipili kule Luluabourg, Kananga ya leo. Zilikuwa vichekesho vyenye mahubiri ya kikoloni ndani yake, lakini watazamaji walikuja kucheka, na mahubiri wakayaacha palepale. Kutoka Tanzania kuna Mzee Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018. Kutoka Nigeria kuna *Osuofia in London* ya 2003 na wale wawili wafupi, Aki na Ukwa. Kisha Charlie Chaplin, ambaye Mbangubangu, Mzimba na Mkusu wanamwelewa sawasawa kwa kuwa hasemi neno.

Halafu yuko Lufufu. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, kwa jina hilo la kazi, ni mmoja wa waanzilishi wa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili nchini Tanzania. Msimuliaji wa aina hii hatafsiri tu. Anawapa wahusika sauti, anaeleza mila za watu wa mbali, anaongeza utani wake, na pengine anambadilisha mtu mbaya akawa wa kuchekesha kuliko alivyokusudiwa. Kanda na sede (CD) za masimulizi huvuka Ziwa Tanganyika pamoja na bidhaa nyingine, na Kasongo hazihitaji mkalimani. Kiswahili kilifika huku katika karne ya 19 na misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Unguja kupitia Tabora na Ujiji. Kasongo ilikuwa makao makuu ya mfanyabiashara Tippu Tip, na Kabambare kituo cha njiani. Historia yenyewe ni chungu, lakini ndiyo sababu utani uliotungwa Dar es Salaam unaeleweka bila shida kando ya Lualaba.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaokusanya filamu. Wao huanza na zile maarufu zaidi. Mimi nasema tuanze na nakala ambayo hakuna mwingine duniani anayeitunza. Kazi za Chaplin zimekarabatiwa na Cineteca di Bologna nchini Italia, katika mradi ulioanza 1999. Sede yake ikifa Kasongo, dunia haijapoteza kitu. Lakini filamu ya Hong Kong yenye sauti ya msimuliaji wa Kiswahili haimo katika ghala la Hong Kong wala la Marekani. Imo katika kanda na diski za majumbani, nyingi zikiwa zimenakiliwa mara kadhaa bila idhini ya mtu yeyote. Jambo hilo la haki za kazi ni kweli na lina uzito wake, ila halibadilishi ukweli kwamba kazi ya msimuliaji ikipotea majumbani imepotea kabisa.

Mtu akidhani nchi tajiri hazipotezi, atazame hesabu. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti kuhusu filamu ndefu za kimya za nchi hiyo za 1912 hadi 1929. Kati ya karibu 11,000, zilizobaki zikiwa kamili katika umbo lake la asili ni asilimia 14. Mwaka huo huo BBC ilitangaza kwamba vipindi vya *Doctor Who* ambavyo yenyewe haikuwa navyo tena vimepatikana katika kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria. London walifuta, Jos wakabaki navyo kwenye rafu. Kuwa mbali na makao makuu kuna faida zake.

Sasa tuingie ndani ya kanda. Mkanda wa VHS, mfumo ambao JVC ya Japani iliutoa 1976, ni utepe wa plastiki wenye upana wa nusu inchi uliopakwa chembe ndogo sana za sumaku. Chembe hizo zimeshikwa na gundi ya poliurethani. Picha ya filamu na sauti ya Lufufu ni mpangilio wa sumaku tu, na sumaku yenyewe ni mvumilivu; kinachokufa mapema ni gundi. Molekuli za maji kutoka hewani huingia na kuvunja viungo vyake, kidogo kidogo, na joto huharakisha kazi. Utepe unaanza kunata. Ukiuchezesha, unapiga kelele ya mluzi na kuacha uchafu wa kahawia kwenye vichwa vya mashine, na uchafu huo ndio picha yenyewe. Ukisikia mluzi, zima mara moja. Ukiona ukungu mweupe kupitia dirisha la kaseti, usiuweke kabisa kwenye mashine, maana utaambukiza kila kanda itakayofuata.

Na mashine nazo zinakwisha. Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Kila deki inayofanya kazi leo Kasongo ina vipuri vya deki nyingine iliyokufa, au itavihitaji karibuni.

Sede na DVD zina hadithi tofauti, na wengi huziamini kupita kiasi. Geuza diski utazame chini. Ikiwa ya fedha tupu, ilichapwa kiwandani: vishimo vidogo vimekandamizwa katika plastiki na kufunikwa kwa alumini, na leza husoma mwanga unavyorudi. Ikiwa na rangi ya zambarau, buluu au kijani, ilichomwa kwa kompyuta, na haina vishimo. Ina tabaka la rangi ya kikaboni ambalo leza ililiunguza kwa nukta ndogondogo. Rangi hiyo iliwekwa makusudi iweze kubadilishwa na mwanga na joto, kwa hiyo jua la dirishani linaendelea na kazi ileile polepole hadi filamu isisomeke. Diski za zambarau zinakiliwe kabla ya zile za fedha.

Lakini hata ile ya fedha si salama. Mwaka 2001 mtafiti wa Kihispania Javier García-Guinea, wa makumbusho ya taifa ya sayansi asilia ya Madrid, alieleza kuhusu diski iliyotoka Belize, nchi yenye joto na unyevu kama wetu. Kuvu wa jenasi ya *Geotrichum* alikuwa ameingia kupitia ukingo wa diski na kula plastiki na alumini, akifuta data njiani.

Dawa ya unyevu haihitaji fedha nyingi. Maniema ni nchi ya mpunga, zao lililosambazwa na watu wa misafara hiyohiyo. Kaanga mchele mkavu bila mafuta hadi ubadilike rangi kidogo, uache upoe katika chombo kilichofungwa, kisha uufunge kwenye kitambaa safi na kuutia pamoja na diski katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Moto umefukuza maji ndani ya punje, na wanga wake sasa unayavuta kutoka hewani mwa ndoo. Baada ya muda kaanga tena. Ndoo isikae juu ya kabati karibu na mabati, wala sakafuni; iwekwe katikati, kwenye ukuta wa ndani.

Flashi na kadi za simu ndizo zinazotumika zaidi siku hizi, nazo zina udanganyifu wa namna mbili. Wa kwanza ni wa biashara: kadi imeandikwa gigabaiti 64 na ndani ina 8. Chipu yake imefundishwa kusema uongo, na ukifika mwisho wa nafasi halisi filamu mpya huangamia au kufuta za zamani bila kukuambia. Ijaze yote, kisha ufungue filamu ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, kabla hujaipa imani. Udanganyifu wa pili ni wa fizikia. Kila kumbukumbu ni elektroni chache zilizofungiwa nyuma ya ukuta wa unene wa nanomita kadhaa, nazo huvuja, hasa kwenye joto. Kadi ya kawaida hubagua viwango 8 vya chaji katika seli moja, hivyo kuvuja kidogo kunatosha kuchanganya kiwango kimoja na kingine. Kadi iliyosahaulika drooni kwa miaka haipaswi kuwa nakala pekee ya kitu chochote.

Kuhusu kunakili kwenyewe, kanda hupoteza ubora kila inaponakiliwa kwenye kanda nyingine. Ndiyo maana nakala ya nne ya filamu ya karate ina nyuso zisizotambulika. Faili la kidijitali likinakiliwa lilivyo halipotezi hata nukta moja. Likitumwa kama video kwa WhatsApp, hata hivyo, husagwa upya. Filamu ya dakika 90 yenye nukta 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, bila kubanwa ingechukua karibu gigabaiti 168. Faili la megabaiti 700 limebanwa mara 240 tayari, kwa kutunza tofauti kati ya picha na picha badala ya picha zote. Kulibana tena ni kukata mahali ambapo hapana nyama.

Kidogo kuhusu Chaplin, kwa kuwa watoto huuliza mbona anakimbia hivyo. Kamera za kimya zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha 16 hadi 20 kwa sekunde; 24 ilikuja na sauti mwishoni mwa miaka ya 1920. Ukichezesha ya 18 kwa kasi ya 25, watu wanarukaruka. Nakala nzuri imerekebishwa, na kichekesho chake ni tofauti: unaona uso ukifikiri kabla mguu haujateleza.

Nakala tatu zinatosha, mradi zisikae nyumba moja: moja Kasongo, moja kwa ndugu Kabambare, moja Kindu au Bukavu. Vita vya 1996 na 1998, na misukosuko ya baadaye Kabambare, vimewafundisha watu kuondoka na kinachobebeka mkononi tu. Kila faili lipewe jina la filamu, jina la msimuliaji na mahali diski ilipopatikana, kwani majalada yamejaa majina ya uongo na sauti haijitambulishi yenyewe. Kazi ianze kiangazi, hewa ikiwa kavu na paneli zikipata jua: kanda zenye masimulizi kwanza, kisha diski za zambarau, kisha za fedha. Chaplin anaweza kungoja mwaka ujao.