Kasha Lenye Ndimi: Ngoma ya Mbao Katika Karakana ya Nyumbani Mafia (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya iliishia Yakusu, karibu na Kisangani, ambako mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefika Kongo mwaka 1938, alijifunza ngoma ya gogo ya Walokele hadi akaandika kitabu juu yake mwaka 1949. Gogo lile huchimbwa ndani kupitia mpasuo mmoja mrefu, na midomo miwili ya mpasuo huo huachwa na unene tofauti ili mmoja utoe sauti ya juu na mwingine ya chini. Kwa kuwa Kilokele ni lugha ya toni, sauti mbili zilitosha kupeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji. Ng'ambo ya Atlantiki, Waazteki wa Meksiko walikuwa na gogo lao, teponaztli, lililokatwa mipasuo ya umbo la H hata zikabaki ndimi mbili zinazotazamana. Ngoma ya ndimi inayoundwa leo katika karakana za nyumbani ni ukoo mmoja na teponaztli: kasha limechukua nafasi ya gogo, na ndimi zimeongezeka kuwa sita, nane au zaidi.

Wiki hii kasha hilo linaundwa Mafia, na kisiwa hicho hakikuchaguliwa kwa kubahatisha.

Jibondo na Chole, visiwa vidogo vilivyo kusini-mashariki mwa kisiwa kikubwa, vina mafundi wanaounda mashua na majahazi kwa tezo, msumeno, patasi na keekee, tena bila ramani ya karatasi. Kazi hiyo ina historia ndefu. Kitabu cha safari cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinakitaja kisiwa cha pwani hii kiitwacho Menouthias kilichokuwa na vyombo vya kushonwa. Wako wanahistoria wanaodhani ni Mafia, na wengine wanasema ni Unguja au Pemba. Vyovyote iwavyo, fundi wa Jibondo wa leo anajua mambo ambayo mwanafunzi wa ngoma angehangaika kuyatafuta: ubao upi una mwenendo ulionyooka, upi umeoza moyo, upi utapinda ukikauka. Atakachopaswa kubadilisha ni mtazamo wake juu ya upenyo. Katika chombo cha baharini upenyo ni adui. Hushindiliwa pamba kwa kalafati, na maji yakiingia mbao huvimba na kuubana zaidi. Katika ngoma ya ndimi, upenyo ndio unaozaa sauti, na ukibanwa sauti inakufa.

Mbao kwanza. Ubao wa juu, ule utakaokatwa ndimi, ndio unaostahili fedha. Kuta na sakafu ya kasha zinaweza kutoka kwenye mabaki. Mninga unafaa sana. Ni ndugu wa karibu wa miti ya Pterocarpus ya Afrika ya Magharibi na Kati, ambayo watengenezaji wa ngoma hizi Marekani na Ulaya huinunua kwa bei kubwa. Una uzito wa kadiri, hautengui meno ya msumeno, na ukikauka haupindi ovyo. Mbambakofi, mti wa milango ya Unguja na wa vyombo, ni mzito zaidi na unadumu, ila unachosha mkono. Mpingo huzama majini kwa uzito wake, na ndio unaotengenezewa klarineti na zumari za Ulaya. Kwa ubao mzima wa ngoma, hata hivyo, ni anasa: mti wenyewe mara nyingi hupinda, na kupata kipande kipana kisicho na ufa ni bahati.

Na miti ya kisiwani? Mafia ni nchi ya minazi, na mtu atashawishika. Lakini shina la mnazi ni gumu nje na laini ndani, halina pete za mwaka kama mninga, na nyuzi zake huchanika pale msumeno unapopita. Liwekwe kwenye kuta. Mfenesi una sifa nzuri zaidi: India ya kusini mridangam huchongwa kwa mti huo huo. Mwembe hupatikana kirahisi, na kwa ngoma ya kwanza ya mtu anayejifunza hauna ubaya. Mbao za bara huvuka kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, nazo zinatakiwa ziwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Anayenunua aione hati hiyo kabla hajauliza bei.

Kabla ya kupima chochote, fundi aning'inize ubao kwa uzi na kuugonga kwa kifundo cha kidole. Ubao mzuri huitikia kwa sauti inayokaa. Wenye ufa au unyevu husema "pu" na kunyamaza. Kipimo hiki hakina mashine na hakidanganyi mara nyingi.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo kiini cha kazi yote. Ulimi wa mbao ulioshikwa upande mmoja hufuata kanuni ile ile ya vile vijiti vya chuma vya ilimba ya Wagogo: sauti hupanda kadiri ulimi unavyofupishwa, lakini hupanda kwa mraba wa urefu. Ulimi ukifupishwa hadi nusu, mitetemo haiwi mara mbili bali mara nne. Ili sauti ipande oktava moja, yaani mitetemo iwe mara mbili, ulimi wa sentimita 20 unatakiwa ubaki na 14.1. Unene hufanya kazi kwa njia nyingine: ukipunguzwa nusu, sauti inashuka oktava nzima. Upana haubadilishi noti. Ulimi mpana una nguvu ya kusukuma hewa tu, na jambo hilo huwashangaza wengi wanaoanza.

Tuseme fundi anataka ngazi ya sauti tano pamoja na oktava, ndimi sita kwa jumla, na ulimi mrefu kuliko zote ni sentimita 20. Kanuni inampa urefu huu: 20, 18.9, 17.9, 16.3, 15.5 na 14.1. Ndimi hizi hupangwa katika safu tatu, kila safu ikiwa na mbili zinazotazamana, mashina yao yakiwa kwenye ncha za kasha na vichwa vikikutana katikati. Ulimi mrefu kabisa ukutanishwe na mfupi kabisa, na kadhalika hadi wa kati. Jumla ya kila jozi inakuwa 34.1, 34.4 na 34.2. Tofauti ni milimita chache mno, kwa hiyo ndimi sita zenye noti sita zinakaa ndani ya mstatili mmoja wa sentimita 34 na nusu, mistari ya katikati ikipinda kidogo kulia na kushoto. Ukiipa kila safu sentimita 5 za upana, ubao wa sentimita 20 kwa 45 unatosha na kubakiza pambizo la kugundishia kuta.

Kwa mninga wa unene wa sentimita 2, hesabu ya karatasini huipa ulimi wa sentimita 20 mitetemo kama 300 kwa sekunde. Kasha halisi litatoa pungufu, kwa sababu shina la ulimi halishikiki kikamilifu. Ubao wenyewe unanesa. Ndiyo maana ukuta wa kasha hupita karibu kabisa na mashina. Na mwenendo wa nyuzi za mbao lazima ufuate urefu wa ulimi. Ulimi uliokatwa kukingama na nyuzi hauna ukakamavu, na kipigo kikali kinauvunja.

Kukata kunaanza na keekee. Toboa tundu dogo kila pembe ya mpasuo, kisha ingiza msumeno mwembamba. Mipasuo iwe ya milimita 2 hadi 3. Anayeona ni mipana mno akumbuke masika: mbao hunywa unyevu na kuvimba kwa upana, na mpasuo wa milimita 1 uliokuwa unaimba wakati wa kaskazi utagusana mwezi wa nne na kutoa mchakacho. Kuta ziungwe kwa gundi ya mbao, zisipigiliwe misumari, kwa kuwa msumari uliolegea unalia kila ngoma inapopigwa. Vibanio vikikosekana, tyubu kuukuu ya baiskeli ikatwe ukanda mrefu na kuzungushiwa kasha kwa nguvu hadi gundi ikauke. Tundu la hewa litobolewe ubavuni, dogo kwanza: kila linapopanuliwa, sauti ya hewa ya ndani hupanda, na fundi husimama pale ndimi za sauti nene zinapoanza kunguruma.

Kurekebisha noti kunahitaji mkono usio na haraka. Ndimi zote zikatwe ndefu kidogo kuliko hesabu, maana sauti ya chini inapandishwa kwa kupiga msasa ncha, na kazi hiyo ni rahisi. Sauti iliyozidi kupanda hushushwa kwa kukwangua upande wa chini wa ulimi karibu na shina. Ni kazi ya kuingiza patasi kwenye mahali pabaya, hivyo sakafu ya kasha igundishwe mwisho kabisa. Programu ya simu ya kupimia noti inasaidia, ila jibu lake lisisomwe papo hapo. Ulimi una sauti ya pili iliyo juu ya ile kuu kwa zaidi ya mara sita, na simu huikamata hiyo kwanza mkwiro ukiwa mgumu. Kipande cha mpira kwenye kichwa cha mkwiro kinaondoa tatizo. Fito za mikwiro zitafutwe kwenye mwembe au mkorosho. Mikoko haikatwi bila kibali, na sehemu kubwa ya ile inayozunguka Ghuba ya Chole imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995.

Linabaki swali la ngazi yenyewe. Vielelezo vingi vinavyozunguka duniani humlazimisha fundi kwenye noti za piano, na hilo halina ulazima wowote. Muziki wa Wagogo, ambao marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003, aliupeleka kwenye majukwaa ya Ulaya, umejengwa juu ya sauti za asili zenye uwiano wa 6, 7, 8, 9 na 10. Uwiano wa 7 haupo kwenye piano, na ndio unaoupa muziki huo ladha yake. Kanuni ya mraba inaukubali bila kinyongo. Ukianza na ulimi wa sentimita 20 kwa 6, zinafuata 18.5, 17.3, 16.3 na 15.5, kisha 14.1 kwa oktava. Zikikutanishwa kama awali, jozi zinakuwa 34.1, 34.0 na 33.6, na zinaingia katika kasha lile lile. Simu haitasaidia sana hapa, kwa kuwa ulimi wa 7 itauonyesha umepotoka. Fundi aisikilize ilimba.

Wiki ijayo: mafuta ya kupaka, na jinsi ya kulitunza kasha lisipasuke upepo wa kusi unapobadilika kuwa kaskazi.