Bamba la Kukinga Injini: Tulichague kwa Kuitazama Njia

Ye yote aliyepata kusafiri kwa gari dogo kutoka Tukuyu kwenda vijiji vya Mwakaleli wakati wa mvua anaufahamu mlio ule. Gari linateremka polepole, magurudumu yamo ndani ya mifereji iliyochimbwa na malori, na tuta la katikati limeinuka kama mgongo wa ng'ombe. Mara jiwe linagonga chini ya miguu ya dereva. Abiria wote hunyamaza. Dereva hutega sikio, huzitazama taa za dashibodi, kisha hukanyaga mafuta na kuendelea na safari, akiomba kimoyomoyo kwamba kilichogongwa kilikuwa chuma kisichodhurika.

Mara nyingi huwa hivyo. Siku ambayo si hivyo, hasara yake haina mfano. Gari katika wilaya ya Rungwe si pambo la mwenye nacho. Ndilo linalotoa ndizi, viazi na maparachichi vijijini na kuyafikisha barabara kuu. Ndilo linalomwahisha mgonjwa hospitali usiku wa manane. Tena wako wenye magari walioyanunua kwa mkopo, na injini inapokufa, deni halifi pamoja nayo. Kwa ajili hiyo tumeona vema leo tuzungumzie kifaa kidogo ambacho wengi hukinunua bila kukifikiria sana, yaani bamba linalofungwa chini ya injini ili kuikinga.

Kwanza, hatuna budi kufahamu ni kitu gani kinachokingwa. Chini kabisa ya injini lipo bakuli la oili, ambalo mafundi huliita sampo. Katika magari mengi bakuli hilo ni la bati jembamba au la alminiamu, nalo limening'inia karibu na ardhi kuliko sehemu nyingine za injini. Jiwe linaweza kulidhuru kwa namna mbili. Namna ya kwanza huonekana upesi: sampo hupasuka na oili humwagika njiani. Namna ya pili ni ya siri, na kwa sababu hiyo ni mbaya zaidi. Ndani ya sampo limo chujio ambalo pampu ya oili hufyonzea, nalo limekaa juu kidogo tu ya sakafu ya bakuli. Sampo likibonyea kuelekea ndani, sakafu hiyo huweza kuliziba chujio. Hapo hakuna hata tone moja litakaloonekana chini, lakini oili haipandi ipasavyo, na vyuma vya injini husagana vikavu. Kando ya sampo, katika magari mengi yenye gia za kujiendesha, lipo bakuli jingine la oili ya giaboksi, nalo lina hatari zile zile.

Baada ya kulijua hilo, tuondoe kosa moja ambalo limeenea. Magari mengi madogo yanayoletwa kutoka Japani, yakiwa yametumika huko, huja na vifuniko vya plastiki chini ya injini. Wako wanaodhani kwamba hiyo ndiyo kinga ya mawe. Sivyo. Kazi ya plastiki ile ni kuzuia maji na matope yasirukie mikanda na nyaya za umeme, na kuuongoza upepo upite mahali panapotakiwa. Jiwe la Rungwe halitambui plastiki. Lakini wako pia waliokwenda upande wa pili: kifuniko kikilegea kidogo, hukikata na kukitupa, halafu hushangaa kuona mikanda inapiga kelele kila wanapovuka dimbwi. Katika wilaya ambayo baadhi ya sehemu zake hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kifuniko hicho kina kazi yake, na kinastahili kufungwa upya kwa vibano vizima.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Swali la kwanza halipaswi kuulizwa dukani, bali nyumbani: gari hili litapita wapi? Mtu ambaye safari zake ni za Uyole, Kiwira, Tukuyu na Kasumulu hupita katika lami. Huyo anahitaji kifuniko chake cha plastiki kiwe kizima, na pengine bamba jepesi kwa ajili ya siku moja moja za kwenda shambani. Anayeshinda katika njia za udongo wa milimani, penye mawe yaliyofukuliwa na maji, anahitaji bamba la chuma. Kumfungia wa kwanza bamba la wa pili ni kumtwisha mzigo bure. Kumfungia wa pili bamba la wa kwanza ni kumdanganya.

Swali la pili ni la uzito. Tuchukue bamba la upana wa sentimita 80 na urefu wa sentimita 60. Likiwa la chuma chenye unene wa milimita 2, litakuwa na uzito wa kilo 7 na nusu hivi. Likiwa la milimita 3, litafikia kilo 11. Likiwa la milimita 5, kama wengine wanavyopenda kujivunia, litakaribia kilo 19, na uzito huo wote utaning'inia mbele ya gari, juu ya springi ambazo huenda zimekwisha kuchoka. La alminiamu lenye unene wa milimita 4 litakuwa na uzito wa kilo 5 tu na kidogo. Alminiamu haishiki kutu kama chuma, lakini si kila fundi wa kuchomelea anayeweza kuiunga ikipasuka, na mahali inapogusana na boliti za chuma katika unyevu huliwa upesi. Kwa gari dogo la kawaida, chuma cha milimita 2 hadi 3 kilichokunjwa kingo zake huwa kinatosha. Mikunjo huongeza ugumu wa bamba bila kuongeza sana uzito. Unene nao huongeza ugumu, lakini huongeza na uzito.

Swali la tatu husahauliwa na wengi, nalo ni la nafasi. Magari mengi madogo ya Kijapani yana nafasi ya sentimita 15 hivi kati ya tumbo na ardhi. Bamba likifungwa vibaya na kushuka sentimita 3 chini ya sampo, nafasi hiyo hubaki 12. Gari lililokuwa likilipita tuta kwa kunusurika sasa litaligonga kila siku, na mwenye gari atasema kwamba bamba limemwokoa, kumbe ndilo lililomgongesha. Bamba jema hulala karibu na sampo bila kuligusa, ili likibonyea lisilifikie mara moja.

Kuhusu ufungaji, yako mambo ambayo mwenye gari apaswa kuyasimamia mwenyewe. Bamba lishikwe kwenye chesisi, au kwenye fremu ya chuma inayobeba injini. Lisishikwe kwenye bampa, wala kwenye injini yenyewe, kwani hapo kipigo chote kitahamia pale pale tulipotaka kupakinga. Lifungwe kwa boliti, lisichomelewe moja kwa moja, kwa kuwa litafunguliwa kila mara ya kubadili oili. Ikiwa kazi ya kuchomelea kishikizo juu ya gari haiepukiki, betri ifunguliwe nyaya zake kwanza, maana umeme wa kuchomelea huweza kuiharibu kompyuta ya gari. Mahali bamba linapokutana na fremu pawekwe vipande vya mpira. Bila hivyo gari litalia kama debe tupu kutoka Katumba hadi Lwangwa.

Aidha, bamba liwe na matundu. Hewa inayopita katika rejeta lazima ipate mahali pa kutokea, nalo bamba lililozibwa pande zote huizuia na kuihifadhi joto ndani. Hali ya hewa ya Tukuyu ni ya baridi, lakini injini haijui baridi pale gari lililoshiba mzigo linapopanda kutoka bonde la Kyela, mwinuko wa takribani mita 1,000 hadi kuufikia mji wetu. Matundu yana faida nyingine: huyatoa maji na matope. Udongo wetu ukishiba maji hunata kama ugali, na ukikaa juu ya bamba kwa wiki nzima huongeza uzito na kuifundisha fremu kutu. Na liwepo tundu moja kubwa mkabala na boliti ya kumwagia oili, ili fundi mvivu asipate sababu ya kuliacha bamba chini ya benchi lake.

Wako watakaosema kwamba madereva wa mashindano hawasumbuki na haya yote. Wao hufunga chuma kinene na kukimbia. Ni kweli kwamba katika mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953 na baadaye kujulikana kama Safari Rally, mabamba ya kukinga injini yalikuwa sehemu ya maandalizi. Lakini magari ya mashindano yale hayakutegemea bamba peke yake. Yaliimarishwa springi na shokapu, na mafundi waliyasubiri njiani ili kuyakagua na kuyatengeneza. Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa dereva mwenye ufundi, naye alijua kulitunza gari lifike mwisho. Mwenye Noah au Probox yenye shokapu zilizokufa, anayetumaini kwamba bamba litamfanyia kazi ya shokapu, anatumaini lisilowezekana.

Hapo ndipo lilipo jambo kubwa tunalotaka kulisema. Bamba ni kinga ya bahati mbaya; halikuwekwa liwe kibali cha kwenda kasi. Dereva mwenye busara, afikapo penye tuta refu, huyatoa magurudumu katika mifereji, akapitisha gurudumu moja juu ya tuta na jingine ukingoni, ikiwa ukingo ni imara. Palipo na shaka hushuka akatazama. Abiria hawapungukiwi heshima wakiteremka na kupanda mteremko mmoja kwa miguu, kwani gari lililopunguziwa watu huinuka.

Tena, bamba lina hila yake. Oili ikianza kuvuja, matone ambayo zamani yangeonekana chini asubuhi sasa huangukia juu ya bamba, na mwenye gari hudhani kwamba mambo ni shwari. Basi atakayefunga bamba azidishe mazoea ya kupima oili kwa kijiti chake, na alifungue bamba mara kwa mara kulisafisha, hasa nyasi na majani makavu yaliyolowa oili karibu na bomba la moshi, maana hayo huweza kushika moto. Na ikiwa jiwe limegonga, kisha ikawaka ile taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili, injini izimwe hapo hapo. Isiendeshwe hadi kijiji kinachofuata, wala hadi juu ya kilima penye mtandao wa simu. Sampo lililopasuka huzibika kwa kazi ya siku moja. Injini iliyosagika ni habari nyingine kabisa.

Hatusemi haya ili kuwasahaulisha wahusika wa barabara wajibu wao. Mfereji wa maji uliozibuliwa kabla ya mvua huokoa masampo mengi kuliko mafundi wote wa kuchomelea wa Tukuyu, na wananchi wanayo haki ya kuukumbusha ukweli huo katika kila mkutano wa kijiji. Lakini barabara njema huja kwa miaka, na jiwe linangoja asubuhi ya kesho. Wazee wetu walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye gari na alale chini ya gari lake leo, akiwa na tochi na kitambaa, aone kwa macho yake kilichopo kati ya jiwe na riziki ya watoto wake.