Mshahara wa Riyadh Hupangwa Nairobi

Ukiuliza kwa nini vijana wa Kenya wanakimbilia Ghuba, jibu la haraka utakalopewa ni ukosefu wa ajira. Takwimu za serikali hazilibebi jibu hilo vizuri. Kwa mujibu wa Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, mwaka 2024 ziliongezeka ajira mpya 782,300, na 703,700 kati ya hizo zilikuwa za jua kali: kibanda cha mboga, bodaboda, kinyozi, kibarua cha mjengo. Mtu anayeshinda kutwa akiuza sukumawiki hahesabiwi kuwa hana kazi, na kwa kweli anayo. Anachokosa ni ziada. Pato la leo linaliwa leo, na karo au ugonjwa vikibisha hodi, linaliwa hata la kesho. Kinachowatoa watu nyumbani, basi, ni kukosa njia ya kukusanya mtaji, na uhaba huohuo ndio unaoamua bei ya jasho lao huko waendako.

Tuanze na hesabu ya kazi za nyumbani, mlango mkuu wa wanawake wa Kenya kuingia Saudia. Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kilifikia Sh16,113 kwa mwezi, na wako waajiri wengi wanaolipa chini ya hapo bila kuulizwa na yeyote. Mkataba wa kawaida wa Saudia umekuwa Riyali 900, yaani kama Sh31,000 dola ikiwa Sh129. Lakini kuwa mshahara ni karibu mara mbili ni nusu tu ya maelezo. Kule chakula, malazi na tiketi ni juu ya mwajiri, kwa hiyo sehemu kubwa ya pesa inaweza kutumwa. Miaka miwili ya mkataba ni Riyali 21,600, zaidi ya Sh740,000. Akituma robo tatu, familia inapokea zaidi ya Sh550,000, fedha za kulipa karo na bado kununua pikipiki ya bodaboda. Mwenzake aliyebaki Nairobi akijinyima Sh3,000 kila mwezi, chama cha akiba kitamrudishia Sh72,000 kwa muda huohuo.

Atakayesema huyu wa Nairobi angekopa, na aitazame bei ya mkopo. Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, na benki za biashara zikatoza zaidi ya hapo kwa mteja mwenye hatimiliki au hati ya mshahara. Asiye na vyote viwili hubaki na simu yake. Huko, huduma ya mikopo ya M-Shwari imekuwa ikitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayeurudia mwezi hadi mwezi atakuwa amelipa asilimia 90 kwa mwaka. Hakuna biashara ya nyanya inayozaa faida ya kubeba mzigo huo. Kwa mtu wa namna hii, mkataba wa Ghuba ndio benki pekee inayomkubali, na dhamana anayoiweka ni nguvu za mwili wake.

Uzito wa hali ya nyumbani ulionekana wazi shilingi ilipoyumba. Riyali imefungwa kwa dola, 3.75 kwa moja, tangu mwaka 1986. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu Sh123, na Januari 2024 ikagusa Sh160. Mshahara uleule wa Riyali 900 ukapanda kutoka kama Sh29,500 hadi kama Sh38,400 bila mwajiri wa Riyadh kuongeza hata senti. Katika kipindi hichohicho petroli ilimpandia bei aliyebaki Nairobi. Tukio moja la kiuchumi lilimsukuma wa nyumbani na kumtuza aliyeondoka. Shilingi ilipoimarika baadaye tuzo ilipungua, lakini bado kazi ya Riyadh ililipa karibu maradufu ya kazi hiyohiyo jijini.

Sasa tuitazame biashara yenyewe. Ajenti wa Nairobi au Mombasa humtafutia mwombaji pasipoti, cheti cha tabia njema, vipimo vya afya, mafunzo ya kabla ya safari na viza. Upande wa pili, mwajiri hulipia huduma hiyo kupitia Musaned, jukwaa rasmi la Saudia, ambako serikali huweka kikomo cha gharama kwa kila taifa. Mwishoni mwa 2023 kikomo kilikuwa Riyali 14,700 kwa Mfilipino, 11,750 kwa Mbangladeshi, 9,000 kwa Mkenya, 8,300 kwa Mganda na 5,900 kwa Mhabeshi. Utasema hiyo ni nauli tu, kwa kuwa Manila ni mbali. Nauli inaeleza sehemu, lakini pengo la Riyali 5,700 kati ya Mfilipino na Mkenya ni kubwa kuliko tofauti ya tiketi. Ukizipanga nchi hizo kwa pato la wastani la raia wake, utapata karibu mpangilio uleule. Anayetoka penye dhiki zaidi huuzwa kwa bei ya chini zaidi.

Mishahara nayo inafuata mkondo huo. Mwaka 2006 Ufilipino iliamua kwamba mfanyakazi wake wa nyumbani asilipwe chini ya Dola 400, ambazo ni Riyali 1,500. Wanaoitetea tofauti hiyo husema Mfilipino ana mafunzo na Kiingereza. Mkenya naye husoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, na sakafu inayopigwa deki ni ileile. Kilicho tofauti ni uwezo wa kukataa. Novemba 2021 Manila ilisimamisha kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Saudia, ikarejea mwaka mmoja baadaye baada ya makubaliano mapya. Kenya nayo iliwahi kupiga marufuku, mwaka 2012 na tena 2014, lakini watu wake walipita nchi jirani na kuendelea na safari. Marufuku haina makali pale mtu asipokuwa na pa kurudi.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni kwamba nchi inanufaika. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma Dola bilioni 4.94, kiasi kilichozidi mapato ya chai au ya utalii. Fedha hizo zinalinda shilingi na kusomesha watoto, na kuwazuia watu kwa nguvu kungewaumiza wao kwanza. Lakini zaidi ya nusu ya fedha hizo hutoka Marekani, kwa watu wenye vibali na sauti. Ghuba ina hesabu nyingine: Wizara ya Mambo ya Nje iliripoti vifo vya Wakenya 89 nchini Saudia kati ya 2020 na 2021. Mfumo wa biashara hii unachochea ukimya. Mwajiri ana dhamana ya siku 90. Mfanyakazi akiacha kazi kabla ya hapo, ajenti hurudisha fedha au hutafuta mwingine. Ndiyo maana anayepiga simu akilia mwezi wa pili huambiwa avumilie.

Serikali imezama katika kutafuta nafasi zaidi ughaibuni, ikiamini kuwa wingi wa mikataba ni mafanikio. Bila kugusa yaliyo nyumbani, wingi huo utashusha bei. Kusimamia kima cha chini cha mshahara Nairobi, kuanzisha mkopo wa mtaji usio wa riba ya kunyonga, na Kenya, Uganda na Ethiopia kukubaliana juu ya mshahara mmoja wa kuanzia, hayo ndiyo yatakayompa msichana wa Kakamega au Kilifi nguvu mezani kwa ajenti. Siku atakapoweza kusema Riyali 900 hazitoshi na kurudi kwenye shughuli inayomlipa, mwajiri wa Riyadh atalazimika kupandisha dau.