Aliyebanwa na dhiki haambiwi ‘jikaze’

BAADA ya dhiki, faraja. Methali hii hukaririwa na kila mwanafunzi hapa nchini, lakini ni nadra mtu kuuliza maneno yake mawili makuu yalitoka wapi. Dhiki tulilitwaa kutoka Kiarabu, na asili yake ni wembamba au ufinyu. Faraja nalo linatokana na mzizi wenye maana ya kufungua na kutanua. Methali hiyo basi yatuambia kwamba baada ya kubanwa huja kuachiliwa. Warumi wa kale nao hawakuwa mbali na wazo hili: kitenzi chao angere, kukaba au kubana, ndicho kilichowazalia Waingereza neno lao la wasiwasi.

Haya nimeyafundisha kwa miaka mingi kama habari za isimu tu. Sikujua kwamba siku moja kifua changu mwenyewe kingegeuka kuwa darasa.

Ulikuwa mwezi wa Januari, mwezi ambao mzazi wa Kenya huuogopa kuliko kiangazi. Karo ya watoto wawili ilikuwa haijalipwa, mshahara ulikuwa umechelewa, na mezani palikuwa na rundo la karatasi za mtihani zilizongoja kusahihishwa. Nilipomdokezea rafiki yangu kwamba kifua kilikuwa kikinibana, alinipiga bega akasema, “Jikaze kiume, ndugu yangu.” Nikajikaza. Siku ya tatu, usiku wa manane, niliamka nikiwa kama niliyefungwa ukanda kifuani. Moyo ulidunda mbio na vidole vikafa ganzi. Mke wangu hakungoja kupambazuke, alinipeleka hospitalini.

Daktari wa zamu alinipima mwendo wa moyo kwa mashine, akachukua damu, kisha akarejea na majibu. “Moyo wako ni mzima, Mwalimu,” alisema, “lakini unapumua kama mtu anayefukuzwa.” Alikuwa amehesabu pumzi zangu kwa saa yake ya mkono: 26 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20.

Maelezo yake yalikuwa mepesi. Mtu mwenye hofu hupumua haraka kwa sehemu ya juu ya kifua. Misuli iliyo baina ya mbavu hufanya kazi bila kupata nafasi ya kulegea, ikachoka na kuuma. Wakati uo huo, mwili hupoteza hewa ya kabonidayoksaidi kupita kiasi, na hapo ndipo kizunguzungu na ganzi ya vidole huingia. Mwenye kupatwa na hayo huogopa zaidi, na akiogopa zaidi hupumua mbio zaidi. Ni duara lisilo na mwisho mpaka mtu alikate mwenyewe.

Namna ya kulikata ni hii. Keti wima, uyalegeze mabega. Weka mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, na mkono wa tumboni ndio uinuke. Kisha itoe taratibu ukihesabu hadi sita, midomo ikiwa kama ya mtu anayepuliza chai ya moto. Akili iwe papo hapo kwenye pumzi. Ikitoroka kwenda kwenye madeni, irudishe bila kuikemea. Dakika tano zatosha. Ukihisi kizunguzungu, acha, upumue kama kawaida.

Siri imo katika kutoa, kwa maana mtu atoapo pumzi ndipo mapigo ya moyo hupungua kasi. Mwaka 2001, Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walichapisha katika jarida la British Medical Journal uchunguzi uliofanyiwa watu wazima 23. Waligundua kwamba kusali rozari kwa Kilatini, au kukariri maneno ya yoga, huteremsha pumzi hadi takriban sita kwa dakika na kuupa moyo mwendo wa utulivu. Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba waliofanya zoezi la kutoa pumzi ndefu kwa dakika tano kila siku, kwa muda wa mwezi mmoja, walipata uchangamfu zaidi.

Mwanaisimu hashangai. Sauti nyingi za Kiswahili hutamkwa kwa hewa itokayo mapafuni. Anayeghani utenzi, anayeimba kwaya na anayesoma uradi, wote hurefusha pumzi itokayo bila kujua kwamba wanajitibu.

Hata hivyo, nisieleweke visivyo. Maumivu ya kifua si jambo la kukisiwa nyumbani. Yakiwa mapya au makali, yakienea mkononi, shingoni au kwenye taya, au yakiandamana na jasho jembamba na kukosa hewa, nenda hospitalini kwanza. Mazoezi ya pumzi yatakungoja. Isitoshe, pumzi hailipi karo. Mwajiri anayechelewesha mishahara asije akawaitia wafanyakazi wake mwalimu wa kupumua badala ya kuwapa haki yao. Karo yangu haikupungua hata shilingi moja kwa kupumua kwangu. Kilichorejea ni akili ya kwenda kuzungumza na mwalimu mkuu, na tukapatana nilipe kwa awamu.

Ninaloomba ni dogo. Tuliache neno jikaze, hasa tunapowaambia wanaume na wavulana. Kukaza ni kubana, na aliyekwisha kubanwa hafai kuongezewa kamba. Lugha yetu imetuwekea usemi ulio bora: kushusha pumzi, ambao husemwa juu ya mtu aliyetua mzigo. Wala si sadfa kwamba pumzi na pumzika ni maneno ya ukoo mmoja. Mwenzio akikujia kifua kimembana, mpe kiti, umwambie, “Shusha pumzi kwanza, kisha unieleze.” Halafu umsikilize.