Mauzo ya mama, mkopo wa baba
Mkopo wa simu hufuata laini, hata kama biashara ni ya mtu mwingine. M-Shwari, iliyoanza nchini Kenya Novemba 2012, humpima mteja kwa rekodi za laini yake: matumizi ya simu, akiba, miamala ya M-Pesa na mikopo aliyolipa. Anayetegemea simu ya kuazima ndiye anayeumia. Penye simu moja nyumbani, mara nyingi laini ina jina la mume. Mama mboga anayelipwa kupitia laini hiyo humjengea mumewe sifa ya kukopeshwa, ingawa bwana huyo hajawahi kuuza hata fungu moja la sukuma wiki. Simu kushuka bei hakumsaidii mara moja. Akisajili laini yake huanza upya: mkopaji hutakiwa awe ametumia M-Pesa kwa miezi 6, na rekodi za zamani hubaki kwa mume.