Duka la Maziwa la Zamani na Somo la Kipimo

Katika karne ya 19 jijini London, mteja alikwenda dukani na jagi lake. Muuzaji, mara nyingi mhamiaji kutoka Wales, pengine mwenye ng'ombe nyuma ya duka, alichota maziwa katika bakuli kubwa la kauri, akapima painti moja (kama mililita 568) mbele ya mteja.

Kiasi kilionekana, maji yaliyoongezwa hayakuonekana. Walioumia zaidi ni watoto wa maskini. Baada ya sotoka ya 1865 kuua ng'ombe wengi wa mjini, maziwa ya treni kutoka mashambani yaliongezeka, na mnunuzi hakumjua tena mfugaji. Mwaka 1901 kanuni ziliweka kiwango: maziwa yenye mafuta chini ya asilimia 3 yalihesabiwa kuwa yamechezewa, hadi muuzaji athibitishe vinginevyo.

Kwa kamati zetu za miradi ya ng'ombe wa maziwa, tunajifunza kwamba kuaminiana hakutoshi. Tutumie kipimo cha lita pamoja na laktomita, mbele ya mwanachama. Na kila mmoja apimiwe, hata mwenyekiti.